Acha Kusukuma kwa Spesi: Kupanga Barua na Ripoti kwa Vitufe vya Kibodi

Shangazi yangu alisomea uhazili hapa Tabora enzi ambazo chuo kile kilikuwa bado kinaitwa Chuo cha Uhazili, kabla hakijawa tawi la Chuo cha Utumishi wa Umma. Walifundishwa hatimkato na taipureta. Kichwa cha barua kikitakiwa kukaa katikati, alisogeza karatasi mpaka katikati, akahesabu herufi, akarudi nyuma hatua moja kwa kila herufi mbili, ndipo akaanza kugonga. Neno la kukoza wino aliligonga mara ya pili juu ya lenyewe. Mstari chini ya neno aliuchora kwa kurudi mwanzo wa neno na kugonga kistari kimoja kimoja hadi mwisho wake.

Kwenye taipureta, spesi ilikuwa chombo halali cha kupangia maandishi, maana kila herufi ilikuwa na upana uleule. Kwenye kompyuta, i ni nyembamba na m ni pana, na spesi yenyewe hubadilika upana fonti ikibadilika. Tabia ya kusukuma kwa spesi lakini tumeirithi. Mimi nachapa kwenye stesheneri karibu na stendi, na karibu kila siku naletewa flashi yenye barua ambayo anwani yake imesukumwa kulia kwa spesi arobaini. Kwa aliyeichapa ilionekana safi. Ikifunguliwa kwenye mashine yetu, "S.L.P." iko mstari wa juu, namba yake imeangukia mstari wa chini, na mwenye barua amesimama dirishani anataka kuwahi basi la Urambo.

Umbo la maandishi likitokana na spesi, huvunjika likihama mashine. Likitokana na amri, linasafiri na faili. Na njia ya haraka ya kuzitoa amri hizo ni vitufe, mikono ikiwa palepale kwenye kibodi. Nitaeleza kwa Microsoft Word ya Windows, kwa kuwa ndiyo iliyo kwenye kompyuta nyingi za mjini hapa, kisha mwishoni niguse LibreOffice na Google Docs.

Mikono kwanza

Nikiandika Ctrl+B, maana yake shikilia Ctrl, gusa B mara moja, achia. Usizipige zote kwa pamoja kama ngoma. Ctrl hutangulia na huachiwa mwisho. Kibodi nyingi zina Ctrl mbili, kushoto na kulia. Shangazi alinifundisha sheria ya uhazili ambayo bado naiona sahihi: herufi iliyo mkono wa kushoto, kitufe cha kushikilia kishikwe na mkono wa kulia, na kinyume chake. Ukichapa kutwa nzima, kifundo cha mkono kitakushukuru.

Umekosea? Ctrl+Z. Hiyo ijue kabla ya nyingine zote, kwa sababu anayejua kutengua haogopi kujaribu. Na Ctrl+S kila unapomaliza aya. Umeme ukikatika, kazi iliyohifadhiwa unaikuta.

Hatua ya 1: Kuteua bila mausi

Amri nyingi za kupanga zinahitaji kwanza uionyeshe kompyuta ni maneno yapi. Weka kishale, yaani kile kistari kinachopepesa unapoandika, mwanzo wa neno, shikilia Ctrl na Shift, gusa mshale wa kulia: neno zima limeteuliwa. Gusa tena, neno la pili linaingia. Kuteua hadi mwisho wa mstari ni Shift+End. Kurudi hadi mwanzo wake ni Shift+Home. Ctrl+Shift na mshale wa chini huchukua hadi mwisho wa aya. Waraka wote ni Ctrl+A.

Kuna kitufe kimoja ambacho wachapaji wengi hawakijui, nacho ni F8. Kiguse mara mbili, neno linateuliwa. Mara tatu, sentensi. Mara nne, aya. Mara tano, waraka wote. Kutoka humo gusa Esc. Kwenye laptopu nyingi, safu ya juu hupandisha sauti au mwanga wa skrini badala ya kufanya kazi ya F8, kwa hiyo shikilia Fn kwanza.

Na kama ni neno moja tu unalotaka kulikoza, huna haja ya kuliteua. Kishale kikiwa katikati ya neno hilo, Ctrl+B inalikoza lote.

Hatua ya 2: Kukoza, kuinamisha, kupigia mstari

Herufi za amri hizi zimetoka kwenye Kiingereza, na ndiyo maana vijana ninaowafundisha huzisahau upesi. Nimezitafutia maneno yetu. Ctrl+B hukoza wino: B ya bonge. Ctrl+I hulaza herufi: I ya inama. Ctrl+U hupiga mstari chini: U ya uzi. Tangu nianze kusema hivyo, sijamwona aliyezichanganya.

Zote tatu ni kama swichi ya taa. Gusa mara moja inawaka, gusa tena inazima. Kwa hiyo unaweza kugusa Ctrl+B, ukaandika neno, ukagusa Ctrl+B tena na kuendelea na wino wa kawaida bila kurudi nyuma kuteua.

Mstari una ndugu zake wawili. Ctrl+Shift+W hupiga mstari chini ya maneno peke yake na kuziruka nafasi. Ctrl+Shift+D hupiga mistari miwili, nayo naitumia kila msimu wa tumbaku, wahasibu wa AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya wakulima, wanapoleta taarifa za mapato: tarakimu za jumla kuu hupigiwa mistari miwili, na hakuna haja ya kuichora kwa mkono baada ya kuprinti.

Kuongeza ukubwa wa herufi kwa pointi moja ni Ctrl+], kupunguza ni Ctrl+[. Hii inaokoa pesa ya mteja. Barua ikizidi ukurasa mmoja kwa mistari miwili, gusa Ctrl+A kisha Ctrl+[ mara moja. Kila herufi inapungua pointi moja, kichwa kinabaki kikubwa kuliko maelezo, na barua inaingia kwenye karatasi moja. Usishuke chini ya pointi 11 lakini. Barua husomwa na watu wazima.

Hatua ya 3: Kulia, kushoto, katikati

Ctrl+L hupeleka aya kushoto, Ctrl+R kulia, Ctrl+E katikati, Ctrl+J hunyoosha kingo zote mbili.

J ni rahisi: J ya jaza, maana mstari unajazwa ukingo hadi ukingo. Kwa L na R, tazama kibodi yako. R iko upande wa kushoto, L iko upande wa kulia. Zinafanya kinyume na mahali zilipo: ya kushoto inasukuma kwenda kulia, ya kulia inavuta kwenda kushoto. E imeketi jirani kabisa na R, nayo ndiyo ya katikati. Kaa na picha hiyo kichwani siku mbili, utaona vidole vinaikumbuka vyenyewe.

Hapa huhitaji kuteua aya nzima. Kishale kikiwa popote ndani ya aya, amri inaishika aya yote.

Sasa anwani ya mwandishi wa barua, ile ya juu kulia. Ctrl+R inaisukuma hadi ukingoni, lakini mistari itaanza mahali tofauti, na maofisi mengi hupenda mianzo ya mistari ilingane. Iteue anwani yote, iache kushoto kwa Ctrl+L, kisha gusa Ctrl+M mara kadhaa. Kila mguso unaisogeza mbele nusu inchi, yaani sentimita 1.27: M ya mbele. Ukipitiliza, Ctrl+Shift+M inairudisha. Anwani itasimama upande wa kulia, mistari yake ikianza pamoja, bila spesi hata moja.

Hatua ya 4: Kichwa cha barua

Barua ya kiofisi kwetu ina kitu ambacho kila afisa hukitafuta kwanza kwa macho: mstari wa YAH. Unatakiwa uwe katikati, herufi kubwa, wino uliokozwa, na mara nyingi mstari chini yake. Fanya hivi:

Andika kawaida: Yah: Maombi ya kibali cha kusafirisha asali
Gusa Shift+Home kuuteua mstari huo.
Shift+F3, ukiirudia mpaka herufi zote ziwe kubwa.
Ctrl+B, Ctrl+U, Ctrl+E.
Mshale wa kulia, Enter, kisha Ctrl+Spacebar na Ctrl+Q.

Hatua ya mwisho usiiruke. Bila hiyo, "Husika na kichwa cha habari hapo juu" itakuja katikati, imekozwa na kupigiwa mstari, nawe utaanza kuhangaika.

Shift+F3 huzungusha hali tatu: ndogo zote, kubwa zote, na kubwa mwanzoni tu. Ni mkombozi pia pale ulipochapa aya nzima CapsLock ikiwa imewaka bila wewe kujua; usiifute, iteue na uizungushe. Ipo amri nyingine ya herufi kubwa, Ctrl+Shift+A, lakini kazi yake ni tofauti. Hiyo inazivalisha herufi vazi la ukubwa huku chini zikibaki ndogo. Ukinakili maandishi hayo kwenda WhatsApp, vazi linavuliwa na herufi ndogo zinarudi. Kwa mstari wa YAH mimi huchagua Shift+F3.

Nafasi kati ya mistari ni Ctrl+1 kwa mstari mmoja, Ctrl+2 kwa miwili, Ctrl+5 kwa mmoja na nusu. Vyuo vingi hudai mmoja na nusu kwa ripoti za fildi, basi Ctrl+A, Ctrl+5, kazi imekwisha. Nafasi ya pumzi kabla ya aya ni Ctrl+0, ambayo huongeza pointi 12 juu yake. Ukigusa tena inaondoka. Ni bora kuliko kugonga Enter mara mbili kila aya.

Namba zisitengane na jina lake

Hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote. "S.L.P." ikiwa mwisho wa mstari na namba yake mwanzo wa mstari unaofuata, barua inaonekana imechapwa ovyo. Vivyo hivyo "Sh." na kiasi chake, au "Bi." na jina la mtu. Badala ya spesi ya kawaida gusa Ctrl+Shift+Spacebar. Inaacha nafasi ileile kwa macho, lakini vipande viwili vimefungwa pamoja: vikihama, vinahama vyote. Kistari kisichokatika ni Ctrl+Shift na kistari, kinafaa kwa namba za kumbukumbu na namba za simu.

Wakati huohuo, angalia Word isikubadilishie Kiswahili chako. Ukiandika "k.m. embe", nukta inaidanganya idhani sentensi mpya imeanza, na embe linakuwa Embe. Gusa Ctrl+Z papo hapo. Inatengua kile kilichobadilishwa tu, haifuti neno lako.

Mitihani na viwanja

Walimu wa kemia huja na H2O yenye 2 kubwa, kwa kuwa hawakujua pa kuishusha. Andika H, gusa Ctrl na alama ya =, andika 2, gusa Ctrl na = tena, malizia O. Kupandisha juu ni Ctrl+Shift na =. Ndiyo tunayoitumia kwenye mikataba ya mauziano ya viwanja, 600 m², ambapo ile 2 ndogo ikibaki chini inasomeka kama makosa. Maswali yanayoanza ukurasa mpya yatenge kwa Ctrl+Enter. Ukijaza ukurasa kwa Enter ishirini, siku mwalimu akiongeza swali moja ukurasa wa kwanza, mtihani wote utateleza.

Muhtasari wa kikao na ripoti ndefu

Kwa muhtasari, andika 1. kisha spesi mwanzo wa mstari, Word yenyewe itaanza kuhesabu ajenda. Ukihitaji mstari mwingine ndani ya ajenda ileile bila namba mpya, kwa mfano wa "Azimio:", gusa Shift+Enter badala ya Enter. Kushuka ngazi ya vipengele vidogo ni Tab mwanzoni mwa kipengele, kupanda ni Shift+Tab. Vitone badala ya namba ni Ctrl+Shift+L.

Ripoti ndefu inadai zaidi. Wanafunzi wengi hukoza wino wa kichwa cha sura, wakaongeza ukubwa, wakaona kimekuwa kichwa. Kwa macho ni kichwa, kwa kompyuta ni maandishi manene tu. Weka kishale kwenye kichwa cha sura, gusa Ctrl+Alt+1. Kichwa kidogo chini yake, Ctrl+Alt+2. Kinachofuata, Ctrl+Alt+3. Sasa kompyuta inajua mifupa ya ripoti yako, na orodha ya yaliyomo itaiunda yenyewe ikiwa na namba za kurasa, kupitia menyu ya marejeo (References). Nimewaona wanafunzi wakichapa orodha ya yaliyomo kwa mkono, nukta moja moja hadi namba ya ukurasa, halafu msimamizi anawaambia waongeze sura. Usiku mzima unapotea. Rangi na fonti ya vichwa ukiitaka tofauti, ibadilishe kwenye mtindo (Style) wenyewe mara moja, vichwa vyote vitafuata. Kurudisha aya kwenye hali ya kawaida ni Ctrl+Shift+N: N ya nyoofu.

Kuhusu kunakili mwonekano kutoka aya moja kwenda nyingine: kwenye Word za zamani ni Ctrl+Shift+C kuchukua na Ctrl+Shift+V kuvalisha. Kwenye matoleo mapya ya Microsoft 365, Ctrl+Shift+V hubandika maandishi bila vazi lolote, na mwonekano hunakiliwa kwa Ctrl+Alt+C na Ctrl+Alt+V. Jaribu kwanza kwenye aya moja ujue yako ni ipi. Na F4 hurudia kitendo chako cha mwisho, kama ni kitendo kinachoweza kurudiwa.

Programu nyingine

LibreOffice Writer ni ya bure na inafaa kompyuta za zamani. Ctrl+B, I, U, na L, R, E, J ni zilezile, pia Shift+F3. Lakini Ctrl+1, Ctrl+2 na Ctrl+3 huko ni ngazi za vichwa, si nafasi za mistari, na hapo ndipo mtu aliyezoea Word hushtuka. Kupandisha juu ni Ctrl+Shift+P, kushusha ni Ctrl+Shift+B, na kuvua mapambo ni Ctrl+M. Google Docs inaongeza Shift kwenye mipangilio ya aya, kwa mfano Ctrl+Shift+E kwa katikati. Vichwa ni Ctrl+Alt+1 kama Word, kupandisha ni Ctrl na nukta, kushusha ni Ctrl na mkato, kuvua ni Ctrl na mkwaju wa nyuma (\).

Kutibu barua iliyokwisha kuharibika

Turudi kwa yule mwenye barua dirishani. Faili lake nalifungua, kisha Ctrl+Shift+8. Yaliyofichika yanajitokeza: kila spesi inaonekana kama nukta, kila Enter kama alama ya aya. Spesi arobaini za anwani zinaonekana kama siafu wamejipanga.

Ctrl+H inafungua dirisha la kutafuta na kubadilisha. Juu naandika spesi mbili, chini spesi moja, Alt+A. Narudia Alt+A mpaka Word iseme hakuna kilichobadilishwa. Sasa maandishi yote yamerudi kushoto, machafu lakini ya kweli. Kama yalitoka intaneti na mandhari ya kijivu au fonti tatu tofauti, nateua yote, Ctrl+Spacebar inavua mapambo ya herufi, Ctrl+Q inavua ya aya. Q haimo katika herufi za Kiswahili, basi kariri kwamba Q huondoa kisichotakiwa.

Kisha anwani kwa Ctrl+M, YAH kwa Ctrl+E, maelezo kwa Ctrl+J, "S.L.P." ifungwe na namba yake. Ctrl+Shift+8 tena kuficha alama. Ctrl+S. Ctrl+P, na kabla ya Enter, tazama picha ya ukurasa kama saini imebaki upande uleule na jina. Ikiwa jina limevuka kwenda ukurasa wa pili, rudi, Ctrl+A, Ctrl+[, halafu printi.